Hei ya farasi: kwa nini bei inaonekana kubwa na mkulima bado anapata hasara (uzi mrefu, karibuni tuchambue)

MkataHei (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Huu ni msimu wangu wa 11 nikikata hei (nyasi zilizokaushwa za kulisha mifugo) na kuwauzia wenye farasi, na kila mwaka nakutana na watu wawili walewale. Mmoja ni mkulima aliyesikia kwamba hei ya farasi inalipa kuliko ya ng'ombe, akaingia kichwa kichwa, na baada ya misimu 2 anatafuta mtu wa kumnunulia mashine zake. Mwingine ni mwenye farasi anayeamini tunamkamua, maana nyasi zinaota zenyewe, sasa tunachouza ni nini? Wote nawaheshimu, na wote wanateleza palepale: wanahesabu marobota, yale mafungu ya hei yaliyobanwa na kufungwa kamba. Mimi nataka tuhesabu kilo ambazo farasi amezila kweli.

Andiko ni refu, tuvumiliane.

Farasi mzima wa kilo 500 anahitaji chakula kikavu cha kama asilimia 2 ya uzito wake kwa siku, na malisho ya nyuzinyuzi yasishuke chini ya asilimia 1.5. Ukiweka pamoja na maji kidogo yaliyobaki kwenye hei na zile anazokanyaga, unazungumzia kilo 10 au zaidi kila siku ya Mungu. Kwa mwaka ni zaidi ya tani 3 na nusu kwa farasi mmoja asiye na malisho ya kutosha. Hiyo ndiyo namba ya kuanzia, kwa muuzaji na kwa mnunuzi.

Sasa twende shambani. Nyasi zikiangushwa zina maji asilimia 75 hadi 80. Robota dogo linafungwa likiwa na asilimia 15 hadi 18. Tani 1 ya hei yenye maji asilimia 15 imetokana na kama tani 3.4 hadi 4.25 za nyasi mbichi, na hizo tani 2.4 hadi 3.25 zilizopungua ni maji yaliyopanda angani. Jua linaifanya kazi hiyo bure, ila linataka siku kadhaa za ukavu mfululizo, na hapo ndipo biashara nzima ilipo. Mvua ikinyesha siku ya pili, sukari inasombwa, majani yanapukutika unapogeuza tena, na ukungu unaanza. Ng'ombe huivumilia zaidi hei ya namna hiyo. Farasi hapana. Vumbi la ukungu linampa ugonjwa wa njia ya hewa unaofanana na pumu, unamwona anakohoa, ubavu unapanda na kushuka akiwa amesimama tu. Tena hawezi kutapika: akila kibaya, kinakwenda hadi mwisho, na msokoto wa tumbo unaua farasi.

Kwa hiyo mwenye farasi anakataa robota ambalo mwenye ng'ombe angelibeba, na ana haki kabisa. Swali langu kwenye uzi huu ni hili: robota lililokataliwa nani amelilipia?

Chukueni mfano huu, namba ni za kufundishia tu. Tuseme kila tani uliyofunga imekugharimu 100, pesa yoyote unayotumia. Umefunga tani 100, umetumia 10,000. Msimu umekwenda vizuri: tani 70 zimepita kwa farasi, 20 umewauzia wafugaji wa ng'ombe kwa 60 kila tani, 10 zimeharibika au zimekuwa matandiko. Ng'ombe wamekurudishia 1,200. Zimebaki 8,800 za kubebwa na tani 70. Kila tani ya farasi imekugharimu karibu 126 kabla hujaweka hata senti ya faida. Msimu mwingine mvua imekuvamia: 40 kwa farasi, 45 kwa ng'ombe, 15 zimekufa. Ng'ombe wanarudisha 2,700, zinabaki 7,300 juu ya tani 40. Gharama imeruka hadi 182 na nusu.

Shamba ni lilelile, mashine zilezile, jasho lilelile. Mkulima aliyepanga bei kwa 100 kwa sababu "ndiyo gharama ya kufunga" amepata hasara misimu yote miwili, na ule mzuri ndio umemdanganya zaidi kwa sababu ghala lilijaa.

TrektaLaBabu

Mkuu umenigusa. Mimi nina ekari chache, nimepewa bei ya mashine ya kufunga iliyotumika. Ninunue au niendelee kukodi jamaa anayepita na yake?

MkataHei

Ndugu, gawanya kabla hujanunua. Mashine ina gharama zinazokuja hata ikilala bandani: uchakavu, pesa uliyofungia humo, bima, kivuli cha kuikinga. Tuseme kwa mwaka zinafika 1,000. Ukifunga marobota 500, kila robota limebeba 2. Ukifunga 5,000, kila moja limebeba 0.2. Chuma hicho hicho. Halafu ongeza mafuta, grisi, vipuri vya kifaa cha kufunga fundo, na siku ambayo fundo linakataa.

Ila kuna jambo hesabu hiyo hailioni. Jamaa wa kukodi ana wateja wengine, na hali ya hewa inapokuwa nzuri inakuwa nzuri kwa wote siku moja. Nyasi zako zimefika ukavu saa 8 mchana, yeye anakuja kesho yake jioni, usiku umande umeshuka, na hei iliyokuwa ya farasi imekuwa ya ng'ombe. Kwa anayelisha ng'ombe, kusubiri siku moja ni usumbufu. Kwa anayeuza kwa farasi ni tofauti ya bei ya mzigo wote. Mimi nilikodi misimu 4 ya kwanza, nikanunua ya kwangu pale nilipoandika kwenye daftari hasara ya kusubiri, nikaona imezidi gharama ya mashine kulala. Kama hujawahi kuiandika, anza msimu huu, kodi, na andika.

Njia ya katikati: nunua ya kukatia na ya kugeuzia, ambazo bei yake si ya kutisha, kodi ya kufungia kwa mkataba wa tarehe, na umlipe jamaa zaidi kidogo akuweke mbele. Hilo "zaidi kidogo" nalo liingie kwenye bei ya hei.

Nirudi kwenye gharama, maana kuna tatu ambazo karibu kila mtu anazisahau.

Ya kwanza ni udongo. Tani 1 ya hei yenye protini asilimia 10 imeondoka na kama kilo 14 za naitrojeni, fosforasi kilo 2 hadi 3, na potasiamu kati ya kilo 12 na 20. Mnyama akichunga palepale, sehemu kubwa inarudi kama samadi. Hei ya kuuza inapanda lori na harudishi mtu. Kaulize bei ya mbolea inayorudisha kilo hizo, uiandike kwenye tani. Asiyeirudisha anaona faida nzuri miaka 3 ya mwanzo, kumbe anauza rutuba ya shamba kwa bei ya nyasi. Nyasi zinaanza kuwa nyembamba, magugu yanaingia, na magugu ndiyo adui mwingine wa farasi.

Ya pili ni kuanzisha shamba lenyewe. Kulima, mbegu, kusubiri hadi nyasi zishike. Alfalfa au nyasi za kudumu unazigawa kwa miaka zitakayodumu zikizaa vizuri, sio kwa mkato wa kwanza. Na kodi ya ardhi iandike hata kama ardhi ni yako, kwa sababu ungeweza kumkodisha mwingine ukalala.

Ya tatu, ambayo mimi naipa uzito kuliko zote, ni mikono.

Wenye farasi wengi wanataka robota dogo, la kilo 15 hadi 25, ambalo mtu mmoja anainua peke yake na kulimega pande kwa pande. Sawa. Fuatilia robota moja la kilo 20. Linainuliwa kutoka shambani kwenda kwenye tela. Kutoka tela kwenda kwenye rundo ghalani. Kutoka rundo kwenda kwenye lori. Kutoka lori kwenda kwenye banda la mteja, na hapo mara nyingi ni darini. Mara 4. Marobota 1,000 ni tani 20, lakini mikono imeinua tani 80. Kamba zinazokatika viganjani, mabua yanayoingia shingoni, na yote hayo kwa kawaida yanatokea siku ya joto kali kuliko zote kwa sababu ndiyo siku hei imekauka. Kamba pekee, robota la kawaida la urefu wa sentimita 90 linakula kama mita 5 kwa nyuzi zote mbili. Marobota 1,000 yametumia zaidi ya kilomita 5.

Wakulima wengi tunabeba hayo na wake zetu, watoto na ndugu, tunasema "kazi ya nyumbani", hatuiandiki popote. Nawaombeni, iandikeni. Kadiria ungemlipa kiasi gani mtu baki akufanyie, uweke kwenye hesabu. Kama bei yako haiwezi kulipa mtu baki, basi familia yako inamlisha farasi wa mwenzako.

ZiziLaKilimani

Mimi ni upande wa pili, nina farasi 3. Nimesoma kwa makini na nimejifunza, asante. Lakini nijibu hili: kwa nini hei niliyoiona shambani kwa bei fulani, miezi 5 baadaye mtu yuleyule ananiuzia ghali zaidi sana? Nyasi zilishakatwa, gharama zilishaisha. Hapo ndipo sisi tunapoona tunakomolewa.

MkataHei

Dada, swali zuri, na sitakwambia kwamba hakuna wanaokomoa. Wapo. Lakini gharama hazikuisha siku ile.

Kwanza maji. Robota lililofungwa na maji asilimia 18 likiwa na kilo 20 lina kitu kikavu kilo 16.4. Likikaa ghalani likashuka hadi asilimia 12, uzito unakuwa kilo 18.6. Hakuna bua lililopotea, hakuna panya, lakini uzito umepungua asilimia 7. Anayeuza kwa kilo lazima apandishe kiasi hicho ili tu abaki alipokuwa, na wewe hujapunjwa kwa sababu kila kilo sasa ina chakula zaidi. Ongeza na kinachooza au kupukutika, ambacho hata chini ya paa zuri ni asilimia chache.

Pili nafasi. Marobota 50 ya ukubwa wa kawaida, yaani tani 1, yanakalia kama mita 7 za ujazo. Tani 100 ni mita 700. Paa hilo limejengwa, sakafu imeinuliwa kwa mbao au paleti ili unyevu wa ardhi usipande kwenye safu ya chini, na lina bima ya moto ambayo kwa ghala la hei si ndogo.

Tatu pesa. Mimi mafuta, mbolea na vibarua nimelipa mwanzoni mwa msimu. Wewe unanilipa mwezi wa 5 baadaye. Katikati hapo mimi ndiye benki yako.

Ukitaka bei ya shambani, nunua shambani: njoo siku tunayofunga, beba kutoka kwenye mistari kabla mikono haijaigusa mara ya pili, hifadhi kwako. Wateja wangu 4 wanafanya hivyo na wanaokoa kweli. Usiyeweza, tuandikiane tangu mwanzo: unahitaji tani ngapi kwa mwaka, unalipa malipo ya awali kiasi gani, kila mwezi ninakuletea ngapi, na bei ya kuhifadhi inaonekana kwenye mstari wake peke yake, usafiri kwenye mstari wake. Ninachokichukia ni bei moja iliyofumbatwa, ambapo anayekuja na gari lake anamlipia usafiri anayeletewa mlangoni.

BandaKubwa

Mleta uzi, samahani nikupinge kidogo. Nina farasi 12. Niliacha marobota madogo nikahamia yale makubwa ya mviringo na gharama ikashuka sana. Naona unawatisha watu.

MkataHei

Hunipingi mkuu, kwa farasi 12 umefanya sawa. Robota la mviringo linabebwa na trekta, mikono haigusi, na farasi 12 wanalimaliza kabla halijaharibika. Mwenye farasi 2 likifunguliwa linakaa wiki, linanyeshewa, linakanyagwa, na nusu inakuwa matandiko.

Ila nina onyo moja hapo. Robota la mviringo la kipenyo cha mita 1.5 likikaa nje bila turubai, mvua ikiharibu sentimita 15 za nje kuzunguka, watu wanasema "ni ganda". Piga hesabu ya duara: nusu kipenyo ni 75, kilichobaki kizima ni 60. Ganda hilo ni asilimia 36 ya robota zima. Zaidi ya theluthi! Na kwa farasi huwezi kusema atabagua, kwa sababu kwenye robota lililooza ndani kunaweza pia kuwa na sumu ya botulizimu, ambayo farasi anaathirika nayo kirahisi sana. Kwa hiyo linganisha bei ya mviringo iliyokaa chini ya paa. Ya nje, punguza kilo kwanza ndiyo ulinganishe.

Wewe unayahifadhi wapi?

BandaKubwa

Chini ya paa, juu ya matairi ya zamani, na nalisha ndani ya wavu ili wasitawanye. Hilo la asilimia 36 sikulijua, nimelipigia hesabu mwenyewe ni kweli. Nakubali, paa ndilo lililonifanya nione nafuu.

MwanafunziWaKilimo

Wakuu, sina kipimo cha unyevu na ni ghali kwangu. Ninajuaje hei imefika bila kubahatisha?

MkataHei

Kijana, usibahatishe kabisa. Chukua chupa ya kioo kavu yenye mfuniko, kata hei vipande vifupi, weka na kijiko cha chumvi kavu, tikisa dakika 2 hivi. Chumvi ikishikamana au ikigandia kwenye kioo, bado mbichi. Ikibaki inamwagika huru, inafungika.

Ukitaka namba, tumia mizani ya jikoni na maikrowevu. Pima gramu 100 za hei, tandaza kwenye sahani, weka pembeni kikombe cha maji ili isishike moto, pasha kwa vipindi vifupi, pima, rudia hadi uzito ugome kushuka. Ukigota kwenye 84, maji yalikuwa asilimia 16. Chukua sampuli sehemu kadhaa za shamba, hasa kwenye bonde na chini ya miti, maana jua la katikati ya shamba linakudanganya.

Ukifunga juu ya asilimia 20 ukungu unakusubiri. Juu ya 25 ni hatari nyingine kabisa, na hili nitaliandika kwa kirefu kwa sababu lilinipata.

Msimu wangu wa 3 wingu lilikuwa linakuja, nikaharakisha mistari ya mwisho upande wa bondeni. Marobota kama 60. Niliyasikia mazito nilipokuwa nayapanga, nikajiambia ni uchovu. Siku ya 9 nikaingia ghalani asubuhi, harufu si ya hei, ni tamu kama tumbaku au sukari inayoungua. Nikaingiza mkono katikati ya rundo hadi kwenye kiwiko, nikautoa upesi. Ndani kulikuwa na joto la kuoga, mkono umelowa, na hei iliyotoka nayo ilikuwa ya kahawia. Hei yote hutoka jasho wiki 2 au 3 za kwanza, lakini hii ilikuwa inajipika. Nikachomeka bomba la chuma lenye matundu na kipimajoto ndani yake: nyuzi 58 za Selsiasi.

Kuanzia 55 unapima kila siku. Kwenye 65 unapima kila saa chache. Ikikaribia 80 moto unaweza kuwaka wakati wowote, na hapo usivunje rundo mwenyewe, kwa sababu hewa ikiingia ndiyo inauwasha. Waite wazimamoto kwanza, wasimame na maji. Hatari hii inakuwa juu zaidi kwa wiki 6 za mwanzo. Mimi nilikuwa bado upande wa usalama, tukayatoa yale 60 na mengine kama 200 yaliyoyazunguka, tukayatandaza nje. Hakuna hata moja lililofaa kuuzwa kwa farasi. Siku ile marobota 60 ya haraka yalinilia faida ya marobota mengi mazuri, na ndiyo sababu siku hizi mistari ya bondeni inalala hadi kesho hata wingu lije.

Kuna dawa ya kuhifadhia, asidi ya propioniki, inanyunyiziwa wakati wa kufunga na inakuruhusu unyevu uwe juu kidogo. Farasi hana tatizo nayo, tumbo lake lenyewe huzalisha asidi hiyo. Ina gharama yake, lakini kama mvua zako hazitabiriki, linganisha bei yake na tani zinazohamia kwa ng'ombe kwenye ule mfano wangu wa juu.

DawaZaMifugo

Niongeze kwa upande wa afya, kwa sababu inagusa bei. Rangi ya kijani si lishe. Robota lililochomwa na jua juu tu, ndani linaweza kuwa zuri kuliko la kijani lililokatwa nyasi zikiwa zimekomaa. Wenye farasi walipie vipimo vya maabara: sampuli itolewe kwa kichimbio kutoka katikati ya marobota kama 20 ya mzigo mmoja, si kwa kunyofoa kwa mkono. Kwa farasi mnene au mwenye historia ya ugonjwa wa kwato unaotokana na sukari, tunatafuta sukari na wanga visivyozidi asilimia 10 hadi 12 ya kitu kikavu. Huyo hei iliyokatwa baadaye, yenye mabua zaidi, inamfaa, na haina sababu ya kuwa ghali. Farasi anayenyonyesha au anayekua anahitaji iliyokatwa mapema, au mchanganyiko wa alfalfa.

Na magugu ya jamii ya Senecio yakikauka ndani ya hei sumu yake haifi, bali ladha ya kumzuia mnyama ndiyo inapungua. Anaila, na ini linaharibika taratibu. Mkulima anayetembea shambani akiyang'oa kabla ya kukata anafanya kazi yenye thamani, mlipeni.

MkataHei

Asante sana mkuu, hilo la mwisho nakushukuru kwa niaba ya mgongo wangu.

Na umenikumbusha muda wa kukata, ambao ndio mzani mgumu kuliko yote kwangu. Nikikata mapema napata majani mengi, protini juu, tani chache. Nikisubiri mbegu zitoke napata tani nyingi, mabua magumu. Anayelipwa kwa robota bila vipimo hana sababu ya kukata mapema. Kila siku anayongoja inamwongezea marobota. Kwa hiyo wenye farasi mnaonunua kwa robota, mnaomba hei laini huku mfumo wenu wa malipo unazawadia hei ngumu. Ndiyo maana naweka bei mbili zilizo wazi: ya mkato wa mapema kwa tani, na ya mkato wa baadaye kwa tani, karatasi ya maabara ikiwa imebandikwa. Nilipoanza kufanya hivyo mabishano yaliisha karibu yote. Mwenye farasi mnene anachukua ya pili kwa furaha, na mimi tani zangu za pili hazidharauliki tena.

Kuhusu dawa za kuua magugu: andikeni mlichopuliza na mmwambie mnunuzi. Zipo zenye aminopiralidi ambazo hupita kwenye nyasi, zikapita kwenye tumbo la farasi, zikafika kwenye samadi bado zikiwa na nguvu ya kuua nyanya na maharage ya bustani. Mteja aliyepoteza bustani kwa samadi ya farasi wake harudi, na ana haki.

TrektaLaBabu

Mkuu, basi tupe namna ya kupanga bei kwa kifupi, nimeshika kalamu.

MkataHei

Jumlisha kila kitu cha msimu: ardhi, sehemu ya mwaka huu ya kuanzisha shamba, mbolea iliyorudishwa, mashine au kukodi, mafuta, kamba, mikono yote pamoja na ya nyumbani, ghala. Toa ulichopata kwa ng'ombe. Gawanya kwa tani ambazo farasi walizikubali, sio ulizofunga. Fanya hivyo kwa misimu 3 au 4, mmoja uwe mbaya, chukua wastani. Juu ya hapo weka faida unayoweza kuitamka mbele ya mteja bila kuinamisha macho. Kama huna rekodi za misimu hiyo, tumia mwaka mbaya kama kipimo hadi upate zako.

Halafu ukiuza kwa robota, pima marobota 10 ya kila mzigo na uandike wastani kwenye risiti. Hapo mnunuzi anaweza kukulinganisha na mwingine kwa haki. Nimepoteza wateja kwa jirani anayeuza robota kwa bei ya chini, wakarudi baada ya kununua mizani.

ZiziLaKilimani

Narudi na majibu, nimetoka bandani sasa hivi. Nimeazima mizani ya kuning'iniza, nimepima marobota 10 ya mzigo niliouita wa bei nafuu. Muuzaji aliniambia ni ya kilo 20. Jumla ni kilo 163, wastani 16.3. Nilidhani tani 1 ni marobota 50, kumbe ni 61. Farasi wangu 3 kwa kilo 10 kila siku wanakula kilo 10,950 kwa mwaka. Nilijiandaa kwa marobota 548, nitahitaji 672. Zaidi ya 120 ambayo sikuyaweka kwenye bajeti, na sasa naelewa kwa nini kila mwaka hei inaniishia kabla ya msimu na mimi namlaumu mfanyakazi kwamba anamwaga.

Nimempigia muuzaji. Hakubisha, alisema mashine yake ilikuwa inafunga legelege na hakuwahi kupima. Tumekubaliana mzigo ujao kwa kilo. Na mfanyakazi nimemwomba radhi.

MkataHei

Dada, hapo umemaliza. Mwambie muuzaji huyo akaze mashine kidogo lakini asizidishe kama hei yake iko karibu na asilimia 18, robota lililobanwa sana likiwa na unyevu halipumui. Akitaka, anitafute, nitamwonyesha jinsi ninavyorekebisha ya kwangu asubuhi na mchana, maana unyevu unabadilika na uzito unabadilika nao.